Taa ya njano: Sekunde tatu hazimtoshi dereva wa lori

Wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki wanaijua njano moja vizuri. Ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayolifuata gari kutoka nchi moja hadi nyingine, ili ajali ikitokea ugenini aliyeumizwa alipwe bila mabishano marefu. Kadi hiyo inapokewa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Inapokewa hata Tanzania, iliyojitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango huo wa bima.

Ipo njano nyingine ambayo gari hilo hilo hukutana nayo kila linapoingia mjini. Ni taa ya njano kwenye makutano ya barabara. Huwaka sekunde chache, kisha nyekundu inachukua nafasi. Sekunde hizo ndizo zinazotenganisha dereva aliyetii sheria na dereva aliyeivunja. Kadiri serikali za kanda zinavyofunga kamera barabarani, ndizo pia zitakazoamua nani alipe faini na mzigo wa nani uchelewe sokoni.

Kwa hiyo swali linaloonekana dogo lina fedha ndani yake: taa ya njano inapaswa kuwaka kwa sekunde ngapi, na kwa kipimo cha gari gani?

Kutoka mkono wa askari hadi jicho la kamera

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na uzito katika miji ya kanda hii. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, saa za msongamano askari wa trafiki husimama katikati ya njia panda na kuongoza magari kwa mkono. Akinyoosha mkono, taa haina neno. Askari huyo anaona lori lililojaa shehena likija kwa uzito wake, anaona barabara imelowa, na anaweza kuliacha lipite. Wapo wanaosema huruma hiyo wakati mwingine huwa na bei, lakini angalau ni uamuzi wa mtu mwenye macho.

Kamera haina macho ya namna hiyo. Inajua mambo mawili tu: nyekundu iliwaka saa ngapi, na gurudumu lilivuka mstari saa ngapi. Ikiwa nyekundu iliwaka sehemu ya sekunde kabla ya gurudumu kuvuka, faini inaandikwa kwa namba ya gari.

Mabadiliko haya yameshaanza. Nchini Rwanda kamera za mwendo kasi zimekuwa barabarani kwa miaka kadhaa, na madereva wamezipa jina la Sofia. Nchini Uganda, Juni 2025, serikali ilianzisha mfumo wa faini za moja kwa moja unaotumia kamera. Wenye magari walipiga kelele juu ya viwango vya faini na vikomo vya mwendo, na ndani ya siku chache mfumo ukasitishwa kwa muda ili uangaliwe upya. Funzo la Kampala ni kwamba wananchi hawakuikataa teknolojia yenyewe. Waliuliza kipimo kilichowekwa ndani yake kimetoka wapi. Swali hilo hilo linaingoja taa ya njano.

Hesabu ilifanywa mwaka 1960

Taa ya njano ni wazo la askari. Mwaka 1920 katika jiji la Detroit, Marekani, askari polisi William Potts alitengeneza taa ya rangi tatu kwa sababu nyekundu na kijani peke yake zilikuwa zinawashtua madereva. Kijani ikikatika ghafla, aliye karibu hawezi kusimama. Njano ikawa taarifa ya mapema.

Muda wa taarifa hiyo ulipata hesabu rasmi mwaka 1960, pale wanasayansi watatu wa maabara ya kampuni ya General Motors, Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin, walipochapisha utafiti wao. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Njano ikiwaka, dereva lazima awe na moja kati ya njia mbili salama: ama asimame kabla ya mstari, ama aufikie mstari kabla ya nyekundu. Njano ikiwa fupi mno, patatokea eneo barabarani ambalo dereva akiwa ndani yake hana njia hata moja. Akifunga breki atapita mstari, na akiendelea atakutana na nyekundu. Hajafanya kosa lolote, lakini atahesabiwa mkosaji.

Wahandisi wa Marekani wameitumia hesabu hiyo kwa miongo mingi. Wanampa dereva sekunde 1 ya kuiona taa na kuamua, kisha wanachukulia kwamba gari linaweza kupunguza mwendo kwa kilomita 11 kwa saa katika kila sekunde bila kuwarusha abiria. Kwa barabara tambarare yenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, jibu ni sekunde 3.3 hivi. Kwa kilomita 70 ni sekunde 4.2, na kwa kilomita 80 ni sekunde 4.6. Mwongozo wa taifa lao unaiweka njano kati ya sekunde 3 na 6.

Nchi nyingine zina utaratibu wake. Uingereza hutumia sekunde 3 kila mahali. Ujerumani hupanga kwa mwendo: sekunde 3 kwa barabara ya kilomita 50 kwa saa, 4 kwa kilomita 60 na 5 kwa kilomita 70. Kwa gari dogo ndani ya mji, tofauti ya nchi hizi ni ndogo. Tatizo linakuja linapoingia gari zito.

Mita 20 za mtego

Kilomita 50 kwa saa ndicho kikomo cha kawaida cha maeneo ya makazi nchini Kenya na Tanzania. Katika mwendo huo gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kama njano inadumu sekunde 3, gari litasafiri mita 42 kabla ya nyekundu kuwaka.

Gari dogo linahitaji takriban mita 45 ili lisimame kwa utulivu, ukihesabu sekunde ile 1 ya kuamua. Pengo ni la mita nne tu, na dereva akikaza breki kidogo pengo linafutika.

Sasa liwekwe lori lenye tela, limejaa. Breki zake ni za upepo, ambazo huchelewa kidogo kushika, na dereva hathubutu kuzikaza ghafla kwa kuhofia tela kukunja au mzigo kusukuma kichwa. Tuseme linapunguza mwendo kwa kilomita 7 hivi kwa saa katika kila sekunde badala ya 11. Linahitaji mita 62 ili lisimame. Kati ya mita 42 na mita 62 kuna mita 20 ambazo lori likiwa ndani yake wakati njano inawaka, halina pa kwenda. Haliwezi kusimama kwa usalama, wala haliwezi kuuwahi mstari.

Mita 20 ni zaidi ya urefu wa semitrela nzima. Huo si mtego wa nadra. Lori linalopita kwenye taa kumi kwa safari moja lina nafasi ya kutosha ya kunaswa, na dereva wake anaweza kuwa mtu makini kuliko wote barabarani.

Njano ikiongezwa hadi sekunde 4.5, mtego huo unafutika kabisa. Na kama barabara ina mteremko, sekunde zinapaswa kuongezeka zaidi. Kwa hesabu ile ile ya Marekani, mteremko wa asilimia 5 huongeza karibu nusu sekunde hata kwa gari dogo. Madereva walioshuka Kitonga au Salgaa na mzigo hawahitaji kufundishwa kwamba tani zinasukuma.

Kuna jambo jingine linalowahusu wavuka mipaka peke yao. Sekunde ile 1 ya kuamua inamhesabu dereva anayeijua barabara. Lori linalotoka Dar es Salaam na kuvuka Rusumo linahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kuendesha kulia. Usukani wake unabaki upande wa ukingo wa barabara na taa anaziona kwa pembe asiyoizoea. Dereva wa Kigali anayeshuka bandarini hupata mkanganyiko huo huo kwa upande wake. Mgeni huchelewa kidogo kuamua, na hesabu ya sekunde 3 haimjui mgeni.

Sekunde inapogeuka mapato

Jiji la Chicago linaonyesha kinachoweza kutokea pale anayeipima njano anapokuwa pia anayepokea faini. Kiwango cha chini cha njano katika jiji hilo kilikuwa sekunde 3. Mwaka 2014 utaratibu wa kukagua picha za kamera ulilegezwa bila umma kuambiwa, na madereva wakaanza kutozwa hata pale kumbukumbu za kamera zilipoonyesha njano ya sekunde 2.9. Mkaguzi mkuu wa jiji aliripoti Oktoba mwaka huo kwamba tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ilizaa faini zipatazo 77,000, zenye thamani ya dola milioni 7.7. Jiji likarudi kwenye sekunde 3. Baadaye, mwaka 2016, ofisa wa zamani wa idara ya usafirishaji ya jiji alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa rushwa iliyohusu mkataba wa kamera hizo.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde haiwezi kuonwa na jicho la mtu. Dereva hawezi kusimama mahakamani akasema taa ilikuwa fupi, maana hana saa ya kupimia. Ndiyo sababu kipimo hicho lazima kilindwe na sheria iliyo wazi, si nia njema ya aliyefunga mtambo.

Upande wa pili wa sarafu uko Philadelphia, pia Marekani. Watafiti wa taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima waliangalia makutano mawili ambako njano ilirefushwa kwa karibu sekunde 1 kabla ya kamera kuanza kutoza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kurefusha njano peke yake kulipunguza kuvuka nyekundu kwa asilimia 36. Kamera zilipoanza kazi, makosa yaliyobaki yalipungua kwa asilimia 96.

Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa wakihesabiwa wakosaji waliondoka kwenye orodha kwa kuongezewa sekunde 1 tu. Pili, kamera inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri zaidi ikija baada ya njano kusahihishwa. Mtu akisema kamera ni wizi mtupu, Philadelphia inampinga. Akisema kila anayepigwa picha ni mkaidi, inampinga pia.

Lori linapokata kona

Hesabu ya mwaka 1960 ilikuwa na upungufu, na aliyeudhihirisha hakuwa mhandisi mwenye leseni. Mwaka 2013 mke wa Mats Järlström, mkazi wa Beaverton katika jimbo la Oregon, alipigwa picha na kamera akiwa anakata kona. Järlström alikaa na hesabu akagundua kwamba kanuni ile inamfikiria anayekwenda moja kwa moja kwa mwendo ule ule. Anayekata kona lazima apunguze mwendo hata kama hasimami, kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi kufika mstarini.

Alipopeleka matokeo yake kwa bodi ya wahandisi ya jimbo, bodi ilimchunguza na kumtoza faini ya dola 500 kwa madai ya kufanya uhandisi bila leseni. Alikwenda mahakama ya shirikisho, na Desemba 2018 akashinda. Mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa usafirishaji ya Marekani, ITE, ilibadilisha mwongozo wake na kuliingiza suala la magari yanayokata kona. Maradudin, mmoja wa waandishi wa hesabu ya awali, alikuwa upande wake.

Kwa Afrika Mashariki kisa hicho kina maana ya moja kwa moja. Lori refu likikata kona hulazimika kupunguza mwendo kuliko gari lolote, na wakati mwingine hujitanua hadi njia ya jirani kabla ya kugeuka. Kama njano fupi ilimwonea mtu mwenye gari dogo Oregon, itamwonea zaidi mwenye tela anayeingia soko la mjini.

Hoja ya wahandisi wa jiji

Upo upande mwingine wa kusikilizwa. Njano ndefu haiji bure. Makutano yenye zamu nne, ambayo mzunguko wake ni sekunde 120, yakiongezewa sekunde 1 kwa kila njano yatapoteza sekunde 4 katika kila mzunguko. Kwa saa moja hizo ni dakika 2 ambazo kijani haiwaki upande wowote. Katika mji ambao foleni imeshafika mwisho wa barabara, dakika 2 ni magari mengi.

Pia njano ikizidi sana, madereva huizoea. Wa nyuma huanza kuihesabu kama kijani ya pili, na bodaboda huichukulia kuwa mwaliko. Ndiyo sababu hata wanaotetea njano ndefu hawataki ipite sekunde 5 au 6. Kwa usalama wa aliyebaki katikati ya makutano, dawa yake ni sekunde 1 au 2 za nyekundu pande zote kabla ya kijani kuwaka upande wa pili.

Na ipo njia ya tatu, isiyohitaji kugusa taa: kupunguza mwendo. Lori lile lile likikaribia taa kwa kilomita 40 kwa saa, mtego wa mita 20 unashuka hadi chini ya mita 9. Kwa kilomita 30 kwa saa unabaki chini ya mita 1. Dereva anayeondoa mguu kwenye mafuta anapoona kijani imewaka muda mrefu anajilinda mwenyewe. Hata hivyo, dereva hawezi kudaiwa atembee kilomita 30 kwa saa kwenye barabara ambayo kibao kinasema 50. Kama jiji linataka sekunde 3 zitoshe kwa malori, liweke kibao kinacholingana na sekunde hizo.

Jumuiya ilishapima ekseli

Kupatana juu ya kipimo cha barabara si jambo geni katika kanda hii. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha sheria ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Utekelezaji ulichukua muda, na Tanzania ilianza Machi 2019. Leo mfanyabiashara anayepakia Mombasa kwenda Kigali anajua kikomo chake kabla ya kufika mizani ya kwanza.

Sheria hiyo ilikubali kwamba tani 56 zinaruhusiwa kisheria kupita barabarani. Haisemi neno juu ya sekunde zinazohitajika kuzisimamisha tani hizo kwenye taa. Hapo ndipo penye pengo: nchi imemruhusu mtu apite na uzito fulani, kisha taa inampima kana kwamba anaendesha gari dogo.

Gharama ya pengo hilo haiishii kwa dereva. Faini hufuata namba ya gari, mwenye gari humgeukia dereva, na safari inayofuata huingizwa kwenye nauli ya mzigo. Mwenye gunia la vitunguu au kreti za nyanya anailipa bila kujua imeingiaje. Gari la nje likizuiwa mpakani kwa sababu ya faini ambayo mwenyewe hakuwahi kuletewa taarifa, nyanya hazisubiri rufaa.

Ndiyo maana vyama vya wafanyabiashara na vya wasafirishaji vina la kudai sasa, kabla kamera hazijaenea. Muda wa njano wa kila makutano yenye kamera utangazwe, na hesabu iliyotumika ionekane. Kwenye barabara za malori, ikiwa ni pamoja na zinazoelekea Busia, Malaba, Namanga, Rusumo na Mutukula, hesabu hiyo ifanywe kwa lori lililojaa. Taarifa ya faini ioneshe njano ilidumu sekunde ngapi na gari lilivuka sekunde ngapi baada ya nyekundu. Askari akiwa ameongoza kwa mkono, kamera izimwe. Na vituo vya pamoja vya mpakani, ambavyo tayari vinaweka forodha na uhamiaji wa nchi mbili chini ya paa moja, viwe na dirisha la kuangalia faini na kukata rufaa, ili dereva wa nje asirudishwe mji mkuu kwa shauri la nusu sekunde.

Hakuna kati ya madai hayo linalomlinda dereva mkorofi. Anayeingia kwenye nyekundu sekunde 3 baada ya kuwaka ataendelea kuonekana, na anastahili kulipa, maana upande wa pili kuna mama anayevuka na mtoto mgongoni. Atakayeondoka kwenye orodha ni yule aliyekuwa mita 50 kutoka mstarini, na tani 56 nyuma yake, wakati njano ya sekunde 3 ilipowaka.